Gazeti la Agosti

Jumamosi, 2 Machi

Msimamizi wangu wa chuo amesema kwenye simu kwamba mtafiti asiyeandika kila siku alichokiona, mwisho wa mwaka hujikuta anaandika alichokitamani. Nimecheka, lakini nimenunua daftari.

Nijitambulishe, maana daftari huokotwa na wengine. Naitwa Noela Lihame. Nina miaka arobaini na miwili, nafundisha historia sekondari hapa Ifakara, na nasoma shahada ya pili kwa masafa. Utafiti wangu unahusu watu wa bonde la Kilombero wakati wa Vita vya Kagera, mwaka sabini na nane na sabini na tisa. Vita vyenyewe vimeandikwa na wengi. Mimi nawataka waliobaki nyumbani: nani alilima, nani alikosa sabuni, nani alisubiri.

Leo nilikuwa Mang'ula kwa Mama Levina. Marehemu mumewe, Mzee Polikarpo, alikuwa mfagiaji wa stesheni. Abiria wa treni walikuwa wakiacha magazeti kwenye viti, naye akayaokota, akayapanga kwa miezi na kuyashona kwa uzi wa gunia. Sanduku zima la bati limejaa. Nilipolifungua liligoma, tukaligonga kwa mwichi. Harufu ya karatasi kuukuu na mafuta ya taa. Nilitaka kulia kwa furaha, nikajizuia kwa sababu Mama Levina alikuwa ananiangalia kama mtu aliyekuja kununua makopo matupu.

Jumapili, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimesahihisha mitihani ya kidato cha pili.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Levina ameniruhusu kuchukua furushi moja moja. Nimesoma Novemba na Desemba 1978. Kila ukurasa kuna kijiji kilichochanga: mchele, ng'ombe, kuku, mashuka. Kila kijiji kimechanga "kwa moyo mmoja". Chini kabisa kuna barua ya msomaji wa Mahenge anayeuliza mipira ya baiskeli imekwenda wapi. Barua ile ya mistari minne imenifundisha zaidi ya kurasa nzima za mbele.

Waliokufa hawamo. Nimetafuta. Katika magazeti haya ya Mzee Polikarpo wapiganaji wanasonga mbele, wanashangiliwa, wanaandikiwa mashairi, lakini hakuna aliyekufa kwa jina lake.

Jumamosi, 16 Machi

Nimerudisha Desemba, nikaomba Januari. Mama Levina akawa mzito wa kujibu. Mwisho akasema Januari na Februari hazipo. Mwaka ule mzee alipofariki, yeye Mama Levina alikuwa anauza vitumbua pale stesheni, na karatasi za kufungia hakuwa nazo. Alinieleza huku anaangalia chini, kama mwanafunzi aliyepoteza kitabu cha shule. Nikamwambia watu wale walikula wakashiba, na gazeti halijafanya kazi mbaya. Lakini njiani kurudi nimesononeka. Nimemwandikia mkutubi mmoja Dar es Salaam, tulisoma wote, anitafutie miezi hiyo.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Darasa la mwisho linavuja, tumehamia bwaloni.

Jumamosi, 23 Machi

Nimempata mtu!

Agosti 1979, ukurasa wa tano. Picha imepigwa mbele ya stesheni yetu ya Ifakara. Vijana sita wamesimama na mabegi, watu nyuma yao wanapiga makofi, mama mmoja kashika mwavuli. Pembeni kabisa kulia, mkono wa mtu asiyeonekana unampa kijana wa mwisho kikapu. Chini pameandikwa: "Wapiganaji wa Ifakara wakipokewa kwa shangwe na wananchi baada ya kurejea kutoka mstari wa mbele. Wa kwanza kulia ni Ndugu Theodori Mponda."

Jina, uso, mahali na tarehe, vyote kwa pamoja. Kwa wiki tatu nimesoma habari za "wananchi", leo mwananchi mmoja kanitazama. Ni kijana mwembamba, masikio yamesimama, anataka kucheka na anajizuia.

Nimepiga picha ukurasa kwa simu, nikamtumia mwalimu mwenzangu Teddy, kwa sababu kwao ni Mkula na ukoo wa Mponda uko kule. Nimemuuliza kama huyu Theodori bado yu hai, nimhoji.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Teddy hajajibu. Nimeona tu kwamba ameisoma.

Jumatatu, 25 Machi

Teddy amekuja ofisini, akafunga mlango. Alimuuliza mama yake, mama yake akamuuliza dada yake, yule akaituma picha kwenye kundi la ukoo. Sasa imeenea Mkula yote, na jana baada ya misa watu walikuwa wanaoneshana simu uwanjani pa kanisa.

Theodori Mponda hakurudi kutoka vitani. Hivyo ndivyo mkewe, Mama Kandida, anavyosema miaka yote arobaini na mitano: mume wake alikufa kule. Upande wa mume haukuwahi kukubali. Mdogo wake Theodori, Hermenegildi, amekuwa akisema kaka yake alibaki Kampala na mwanamke. Na sasa gazeti limesema alirudi mzima, akashuka stesheni, akapigiwa makofi. Kama alirudi na hakufika kwake, basi alimtoroka mkewe.

Teddy aliomba radhi. Nikamwambia picha niliituma mimi.

Jumatano, 27 Machi

Leo amekuja mwanamume shuleni wakati wa mapumziko, suruali imelowa hadi magotini. Alisema anaitwa Amedeus Mponda, mtoto wa Theodori. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Nilijitayarisha kupigiwa kelele, lakini aliongea polepole, na afadhali angepiga kelele.

Alisema alizaliwa Mei mwaka sabini na tisa, baba yake akiwa ameshaondoka. Shuleni walimwita mtoto wa mtoro. Alipooa, baba yake mdogo hakutaka jina la Theodori litajwe kwenye sala. Mama yake hajawahi kuvaa nguo za msiba, kwa sababu wakwe walisema hawaanui tanga la mtu asiye na kaburi wala karatasi ya kifo. Yeye alikua akimwamini mama yake. Tangu Jumapili, alisema, kuna usiku mmoja hakumwamini.

"Mwalimu, hilo ndilo nimekuja kukuambia," alisema. "Usiku mmoja nimemwona mama yangu mwongo."

Kisha akaondoka kwa baiskeli yake. Nimeingia kipindi cha sita na kufundisha vyanzo vya historia. Niliandika ubaoni: *Kila chanzo kihojiwe.* Chaki ikakatika, sikuandika zaidi.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Njia ya Msalaba kwenye tope. Sikuweza kusali.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Nimekwenda Mkula. Bajaji ilinifikisha hadi maji yalipokata barabara, nikavua viatu na kuvuka na wengine, gazeti nimelifunga kwenye nailoni mbili na kuliweka kichwani.

Mama Kandida ni mdogo wa umbo, nywele nyeupe fupi, sauti kavu. Alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Amedeus alikaa kwenye kigoda, hakuniangalia. Nilisema shikamoo.

"Marahaba, karibu. Wewe ndiye mwalimu wa gazeti."

Nilisimama hapohapo na kuanza kuomba radhi. Akanikata, akasema nikae kwanza, mtu haombi radhi huku maji yanamchuruzika. Nikaletewa chai. Niliomba radhi nikiwa nimeshika kikombe. Nilimwambia ukweli wote: kwamba nilifurahi kupata jina, nikasahau kwamba jina lina watu.

Hakusema amenisamehe. Alianza kunieleza mumewe, kama vile nimekuja kwa ajili hiyo tu. Walikuwa wameoana miezi saba tu. Januari mgambo wakachukuliwa, akaondoka kwa treni. Barua moja ilikuja kutoka Bukoba. Halafu karatasi ya jeshi ikisema hajulikani alipo. Mwaka uliofuata alikuja mtu aitwaye Limbu, Msukuma, aliyekuwa na Theodori kikosi kimoja. Alilala kwao siku mbili. Alimwambia Theodori alipigwa akiwa anachota maji, ng'ambo ya mpaka, mwezi wa tatu, na kwamba yeye Limbu alimfunika uso kwa shati lake mwenyewe kabla hawajamzika kando ya barabara. Wakwe walimsikiliza Limbu, wakamlisha, na alipoondoka wakasema ni tapeli aliyetaka kula.

Nilimuuliza kama ana picha ya mumewe. Hana. Hawakuwahi kupiga. Amedeus hajawahi kuuona uso wa baba yake.

"Na hii kwenye gazeti, umeiona?"

"Jirani alinionesha kwenye simu yake. Kioo kimepasuka, kapicha kadogo. Nikamwambia aitoe, sitaki."

Nilisita, kisha nikafungua nailoni. Alifuta miwani kwa pindo la khanga, akalichukua gazeti kwa mikono miwili na kuliweka juu ya ungo, juu ya mchele. Aliangalia muda mrefu. Amedeus alikuwa anaangalia ukuta. Nilitegemea aguse uso wa mumewe. Kidole chake kilikwenda pembeni, kwenye ule mkono.

"Huu ni mkono wangu," alisema.

Akaendelea, bila haraka. Krismasi ile kabla mumewe hajaondoka sufuria la wali lilimmwagikia, akaungua kifundo cha mkono, mama mkwe akamfunga kitambaa cheupe. Kwenye picha kitambaa kinaonekana, mimi nilidhani ni bangili. Alipandisha mkono wa blauzi. Kovu lipo, pana, limekunjamana kama ngozi ya maziwa. Ndani ya kikapu alimwekea mihogo ya kuchemsha na samaki wawili wakavu.

"Hapa hawampokei. Hapa wanamuaga," alisema. "Mwezi wa nane nilikuwa na huyu mgongoni. Na nani Ifakara anatembea na mwavuli mwezi wa nane?"

Nililichukua gazeti, nikaangalia upya. Mwavuli upo. Miguuni kwa wale vijana kuna madimbwi ya maji, suruali zimekunjwa. Nimezaliwa bonde hili. Agosti hapa ni vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimeyaona madimbwi yote yale na nikasoma maandishi ya chini.

Amedeus alinyanyuka. Nilidhani anaondoka. Alizunguka nyuma ya mama yake, akainama juu ya bega lake, akatazama picha kwa mara ya kwanza. Mama yake hakugeuka, alisogeza tu kichwa kidogo ili asimzibe.

Nilipoaga, Amedeus alinisindikiza hadi kwenye maji. Alisema baba yake mdogo hatalikubali neno la mama yake peke yake. Hajawahi kulikubali.

Jumamosi, 6 Aprili

Barabara imefungwa. Mpunga wa watu wengi uko chini ya maji. Nimempigia mkutubi wa Dar mara mbili.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Nimeota Januari imefungiwa vitumbua.

Alhamisi, 11 Aprili

Sikukuu ya Idi, shule imefungwa. Bi Rabia, jirani yangu, ameniletea pilau, na nikiwa bado nimeshika sahani simu ikalia. Mkutubi. Ametuma ukurasa wa gazeti lilelile, Januari 1979. Picha ileile, mwavuli uleule, mkono uleule na kitambaa chake. "Vijana wa Ifakara wakiagwa na wananchi kabla ya kuelekea mstari wa mbele."

Nimekaa jikoni nikalia, pilau ikapoa.

Nimewaza sana kuhusu mtu aliyeirudia picha ile. Wiki iliyopita nilikuwa na hasira naye. Leo namwona ofisini Agosti ile: wapiganaji wanarudi nchi nzima, ukurasa wa tano una nafasi tupu, na hakuna aliyetumwa Ifakara. Kabatini ana picha nzuri yenye majina. Anabadilisha neno moja, *wakiagwa* linakuwa *wakipokewa*. Labda alitaka tu vijana sita warudi. Hakujua kwamba mmoja ameshafunikwa uso kwa shati.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Hermenegildi peke yangu. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko. Nilikuwa nimemchukia kabla sijamwona. Njiani nilijisemea kwa sauti maneno ambayo ningemwambia.

Nimemkuta mzee wa miaka sitini na minne, mikono ina mafuta, anaziba pancha ya baiskeli ya mtawa. Alimaliza kazi, akanawa, akanifutia benchi. Nikaweka kurasa mbili mbele yake, moja ya Januari ya kwenye simu niliyoichapisha, na gazeti lenyewe la Agosti. Sikusema lolote katika yale niliyoyapanga. Nilimweleza tu kwamba ni picha moja, ya siku moja, na kwamba gazeti la pili lilikosea.

Alisoma kwa kutikisa midomo. Alisoma yote mawili mara mbili. Akaniuliza kama gazeti la kwanza nalo haliwezi kuwa limekosea. Ni swali zuri, nimefundisha miaka kumi na mitano sijaulizwa vizuri hivyo darasani. Nilimjibu kwamba gazeti lililotoka Januari haliwezi kuwa na picha ya Agosti. Tena kuna kovu kwenye mkono wa shemeji yake, na kuna madimbwi.

Mteja mwingine akaja, akamhudumia, akaondoka.

"Mwalimu, kijijini waliandika jina langu," alisema. "Siyo lake. Nilikuwa na homa siku ile, kaka akasema atakwenda yeye, mimi nitafuata nikipona. Nilipona. Sikufuata."

Nilitaka kusema alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakunipa nafasi.

"Mtu mmoja alikuja na uvumi wa Kampala, nikaushika. Akiwa Kampala na mwanamke, basi mimi sikumuua. Nilitaka awe mkosaji. Mkosaji ni mzima."

Kisha akasema Kandida hajui habari ya homa. Hakuna anayeijua, wazazi walikufa nayo. Aliniomba zile kurasa. Nilisema nitazipeleka mimi Mkula maji yakipungua. Akasema hapana, atazipeleka yeye.

Nimerudi nyumbani na yale maneno yangu niliyoyapanga, sijui niyaweke wapi.

Alhamisi, 18 Aprili

Amedeus amepiga simu. Baba yake mdogo alifika jana, ametembea kwa miguu sehemu yenye maji, kurasa ameziweka kifuani. Alisimama mvuani mbele ya baraza na hakupanda. Mama Kandida akamwambia apande, akaja akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote kuanzia kwenye homa. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Amedeus anasema kisha aliinuka, akaingia ndani, na walidhani amekasirika. Akatoka na shati kavu la Amedeus, akampa shemeji yake abadilishe.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua imepungua. Teddy amekwenda Mkula kuomba radhi kwa miguu yake mwenyewe. Amerudi na bamia.

Jumamosi, 18 Mei

Sura ya tatu imekwisha. Msimamizi ameuliza kwa nini nimeyatumia magazeti yote mawili wakati moja lina kosa. Nimemjibu kwamba la Januari linanipa tarehe, na la Agosti linanieleza watu walivyotaka iwe. Na bila la Agosti nisingekwenda Mkula. Nimeweka jina la Kandida Mponda kwenye orodha ya vyanzo, juu ya magazeti. Amesema kawaida magazeti hutangulia. Nimeomba ibaki hivyo.

Jumamosi, 25 Mei

Watu wamemaliza kuvuna kilichosalia, ndiyo maana msiba umewekwa leo. Misa ya kumwombea marehemu Theodori Mponda, na baadaye kuanua tanga nyumbani Mkula. Baada ya miaka arobaini na mitano. Padri alilitaja jina mara tatu, na kila mara Mzee Hermenegildi aliitikia kwa sauti kuliko wengine.

Mama Kandida alivaa nguo nyeusi mpya. Vijana wa ukoo walikuwa wanashangaa kumwona bibi anaanza ujane leo, mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mimi nilipika na wanawake wa Mkula, na hakuna aliyeniita mwalimu wa gazeti.

Amedeus alikuwa amepeleka ukurasa wa Dar studio ya hapa mjini, wakamtoa Theodori peke yake na kumkuza, wakamtia kwenye fremu. Picha ilikuwa imefunikwa khanga ukumbini hadi watu walipomaliza kula. Mama Kandida ndiye aliyeifunua.

Alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilibadilika. "Jamani, alikuwa mtoto," alisema. "Mimi miaka yote namuwaza mzee mwenzangu."

Ni kweli. Miaka ishirini na mitatu, masikio yamesimama, kicheko anakizuia. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Amedeus, anayesoma chuo Morogoro, ni mkubwa kuliko yeye.

Amedeus alisogea mbele ya picha. Ana mvi kwenye mashavu. Alisimama kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na hajui amsalimie nani kwanza. Halafu akainamisha kichwa kidogo, kama tulivyofundishwa sote, akasema:

"Shikamoo, baba."

Mama Kandida alikuwa bado ameshika khanga mkononi.

"Marahaba, mwanangu," akamjibia.